Kukagua mashine ya useremala iliyokwisha tumika kabla ya kuinunua

Mashine ya umeme ya useremala iliyokwisha tumika ni ununuzi mzuri, mara nyingi mzuri kuliko mpya ya bei rahisi. Msumeno uliotengenezwa kwa ajili ya mafundi, wenye mota nzito na beringi za uhakika, ukitunzwa utaendelea kukata mbao ngumu miaka mingi baada ya mwenye nao wa kwanza kuuachia. Tatizo ni kwamba nzima na mbovu zikiwekwa mezani hufanana, na zote mbili huwaka ukibonyeza swichi. Muuzaji atachomeka plagi, mashine itanguruma, atazima na kutaja bei. Hapo umejua jambo moja tu, kwamba umeme unafika kwenye mota.

Ukweli wa mashine hujulikana nyakati mbili: inapobanwa na mbao, na inapozimwa ikabaki kujizungukia yenyewe hadi isimame. Hatua zinazofuata zinakupeleka huko. Ukiendelea kukagua, gawa kila kasoro unayoiona katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kasoro za kupunguziwa bei: kaboni zilizoisha (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), waya uliochakaa, swichi inayokwama, mkanda uliopasuka, beringi zenye kelele. Hivi hubadilishwa. Fungu la pili ni kasoro za kuaga na kuondoka: rota iliyoungua (ile sehemu ya mota inayozunguka), mwili wa chuma wenye ufa, bamba lililopinda, kinga iliyong'olewa na haipatikani tena, au modeli isiyo na vipuri popote. Usikubali kuhamishwa kutoka fungu la pili kwenda la kwanza kwa maneno.

Kabla ya kwenda: omba picha ya kibati

Kila mashine ya heshima ina kibati cha maelezo chenye modeli, namba ya mashine, volti, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wati na kasi ya mzunguko. Omba picha yake kabla hujatoka nyumbani. Kwa namba ya modeli utatafuta kwenye intaneti mchoro wa vipuri na kuona kama kaboni, swichi na mkanda wake bado vinauzwa. Angalia pia kama mtengenezaji aliwahi kuirudisha modeli hiyo kwa sababu za usalama.

Volti isome kwa makini, hasa mashine ikiwa imetoka nchi nyingine. Ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Ya Japani ni ya volti 100. Uingereza, mashine nyingi za maeneo ya ujenzi ni za volti 110 na huwa na plagi ya njano, ingawa umeme wa majumbani kule ni wa volti 230. Ukichomeka mashine ya volti 110 kwenye soketi ya 230, itaungua kwa muda mfupi sana. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kuisaidia, lakini lazima iwe na uwezo unaozidi wati za mashine, na hiyo ni gharama ya kuingiza kwenye hesabu.

Hezi nazo zina maana yake. Mashine nyingi za mkononi zenye kaboni hazijali kama ni 50 au 60. Ila misumeno mikubwa ya meza na ya mkanda isiyo na kaboni hufuata hezi: mota ya hezi 60 ukiiweka kwenye umeme wa hezi 50 itapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na itapata joto zaidi. Angalia pia kama ni ya umeme wa fezi tatu. Kama karakana yako haina fezi tatu, bei nzuri haikusaidii.

Vitu vya kubeba

Beba rula ya chuma iliyonyooka, skwea, tochi ndogo, bisibisi bapa, penseli na miwani ya kinga. Beba pia kipande cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 40 hadi 50, na ukiweza diski au keekee yako yenye makali. Hili la makali lina sababu. Diski butu huifanya mota nzima ionekane dhaifu, na muuzaji mwerevu anaweza kuisingizia diski udhaifu ambao ni wa mota. Ukiweka makali yako, hakuna tena cha kusingizia.

Hatua ya 1: macho, plagi ikiwa nje

Shika plagi mkononi mwako mwenyewe kabla ya kugusa diski au kisu chochote. Kuambiwa tu kwamba imechomolewa hakutoshi.

Anza na waya. Upapase wote kuanzia kwenye plagi hadi unapoingia kwenye mashine, ukiupinda kidogo kila mahali. Waya hufa zaidi pale unapoingia mwilini, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Ukikuta utepe wa kufungia waya, jua kuna jeraha chini yake. Si sababu ya kuikataa mashine, waya hubadilishwa, lakini ukaguzi wa kuiwasha usubiri mpaka ujue jeraha likoje. Tazama pia alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibati. Mashine yenye alama hiyo ina kinga maradufu dhidi ya umeme na inaruhusiwa kuwa na waya wa nyuzi mbili. Isiyo nayo, hasa yenye mwili wa chuma, lazima iwe na nyuzi tatu, mmoja ukiwa wa ardhi. Mashine ya chuma ambayo fundi fulani aliikatia waya wa ardhi inaweza kuua mtu.

Kisha tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, mashine imefunguliwa, pengine zaidi ya mara moja. Uliza nani alifungua na alibadilisha nini. Aliyebadilisha kaboni atakujibu papo hapo. Rangi mpya iliyopulizwa juu ya mashine kuukuu nayo inahitaji maelezo, kwa kuwa rangi hufunika nyufa. Pitisha tochi kwenye pembe za mwili wa chuma au alumini, kwenye matundu ya bolti na mahali mpini unapoungana na mwili, maana huko ndiko nyufa huanzia.

Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, acha. Kuna uwezekano mkubwa kwamba imeibwa, na hakuna punguzo linalofidia kumnyima fundi mwenzako chombo chake cha kazi.

Hatua ya 2: mikono

Plagi bado iko nje. Shika diski au shafti uisukume juu na chini, kisha uivute nje na ndani. Shafti yenye beringi nzima haichezi juu na chini hata kidogo kwa namna ya kuhisiwa na vidole. Kuchezacheza kidogo tu kwa nje na ndani huvumilika kwenye baadhi ya mashine. Halafu zungusha polepole kwa mkono. Unatafuta mzunguko laini na sawa. Ukihisi mikwaruzo ya mchangamchanga, beringi zimeingiwa na vumbi au zimekauka grisi. Ukihisi mahali pamoja panapokwama kila mzunguko, shuku jino la gia lililovunjika au shafti iliyopinda.

Hapa ndipo pa kuuliza mashine ilifanya kazi gani. Drili iliyotumika kukoroga rangi au lipu imeteseka kuliko inavyoonekana: ilizunguka kwa kasi ndogo ikiwa na mzigo mkubwa, na feni inayopoza mota huzunguka kwa kasi ileile ya mota, kwa hiyo upepo ulikuwa haba wakati joto lilikuwa kali. Msumeno uliokata mabamba ya saruji umevuta vumbi linalokwangua beringi na komuteta (pete ya shaba inayosuguliwa na kaboni), vumbi baya kuliko unga wa mbao. Tazama kwenye matundu ya hewa. Unga wa mbao ni wa kahawia na mwepesi. Vumbi la saruji au jasi ni jeupe au la kijivu na huganda.

Hatua ya 3: iwashe bila mzigo

Vaa miwani. Hakikisha diski haina ufa wala jino lililong'oka, na simama pembeni, usikae kwenye mstari wa diski. Washa.

Swichi iwake kwa kubonyezwa mara moja na, muhimu zaidi, izime papo hapo ukiachia. Swichi inayobaki imewaka ni ya kubadilishwa kabla ya kazi yoyote. Kama ina kidude cha kurekebisha kasi, kizungushe toka mwanzo hadi mwisho usikie kasi ikipanda bila kurukaruka.

Sasa chungulia kwenye matundu ya hewa karibu na zinapokaa kaboni. Mashine nyingi za mkononi zina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua komuteta, ile pete ya shaba iliyogawanyika vipande vipande mwishoni mwa rota. Cheche ndogo za bluu pale kaboni inapogusa shaba ni za kawaida. Cheche ndefu za njano zinazoizunguka pete nzima si za kawaida. Zinaweza kuwa za kaboni iliyoisha, na hilo ni jambo dogo, au za rota yenye koili iliyoungua, na hilo ndilo kubwa. Kutofautisha si kugumu kama mashine yako ina vifuniko vya kaboni vinavyofunguka kwa nje. Zima, chomoa plagi, fungua kwa bisibisi bapa, toa kaboni. Nyingi zina mstari wa mwisho wa matumizi. Isiyo na mstari, ikiwa chini ya milimita 5 au 6, imekwisha. Kisha mulika tochi kwenye tundu huku ukizungusha shafti kwa mkono na uangalie shaba ikipita. Shaba yenye rangi ya kahawia iliyo sawa pande zote ni nzima. Vipande viwili vitatu vilivyoungua na kuwa vyeusi huku vingine vikiwa safi ni dalili ya koili iliyokatika au kugusana ndani ya rota. Rota huweza kusukwa upya, lakini kwa mashine ya mkononi gharama hiyo mara chache ina maana. Hapo ni kuaga.

Tumia na pua. Harufu ya vanishi iliyoungua, kali na yenye kuchoma koo, ikitoka ndani ya mota haiondolewi kwa rangi wala mafuta.

Mashine kubwa isiyo na kaboni ina tabia nyingine. Ikivuma bila kuzunguka, zima mara moja usiiunguze. Mara nyingi ni kapasita (kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza) iliyokufa au swichi ya kuanzishia, na vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo ikilinganishwa na mashine.

Hatua ya 4: izime, nyamaza, sikiliza

Wengi huruka hatua hii, nami ningeruka nyingine yoyote kabla ya hii. Mota ikiwa na umeme, kelele za feni na mvumo hufunika mengi. Ukizima, mvumo hukatika na shafti hubaki ikizunguka kwa nguvu iliyokwisha kuipata. Katika sekunde hizo chache beringi husikika peke yake. Beringi nzima hutoa mlio laini unaofifia polepole. Iliyochakaa hukwaruza, hulia kwa sauti nyembamba, au hugonga. Rudia mara tatu nne, ukisogeza sikio mbele kisha nyuma ya mashine, uone mlio unatoka beringi ipi. Ya mbele, iliyo karibu na diski, ndiyo inayobeba mzigo. Ya nyuma ndiyo inayokula vumbi la kaboni.

Kumbuka kuwa baadhi ya misumeno ya kukatia pembe ina breki ya umeme inayosimamisha diski kwa sekunde chache. Usidhani imekwama.

Hatua ya 5: ikate mbao

Omba kukata mbao yako mwenyewe. Muuzaji akikataa bila sababu ya maana, umeshapata jibu. Kata kwa kasi ya kawaida ya kazi, mara kadhaa mfululizo. Mota itapungua kasi kidogo inapoingia kwenye mbao, kisha itashika mwendo na kuushikilia. Inayozidi kufifia kila unaposonga mbele imechoka. Baada ya kama dakika 10 za kuitumia, chomoa plagi, weka kiganja juu ya mwili na kichwa cha gia. Uvuguvugu ni wa kawaida. Joto linalokufanya uondoe mkono si la kawaida.

Tazama na njia ya mkato. Alama za kuungua pande zote mara nyingi zinatokana na diski butu au fremu isiyonyooka. Kama diski ni yako na ina makali, basi shuku fremu.

Kila mashine na ugonjwa wake

Msumeno wa diski wa mkononi: nyanyua kinga ya chini kisha uiachie. Irudi yenyewe, haraka, kila mara, na mashine ikiwa imeshikwa upande wowote. Mafundi wengine huibana kwa kabari au waya ili isiwasumbue, na ukikuta alama za hilo, jaribu springi yake kwa makini zaidi. Weka rula juu ya bamba la chini, mwangaza usipite. Bamba la chuma chembamba lililoanguka hupinda, na likipinda msumeno hautakata wima tena. Ulizia kipimo cha diski na cha tundu lake la katikati, kwa kuwa matundu ya milimita 16, 20, 25.4 na 30 yote yapo, na usinunue mashine ambayo diski zake hazipatikani.

Msumeno wa meza unastahili muda mrefu kuliko zote. Weka rula mshazari juu ya meza, kona hadi kona, mara mbili. Zungusha gurudumu la kupandisha diski na la kuilaza hadi mwisho wa kila upande, vyuma vinavyobeba mota chini ya meza uvimulike kutafuta ufa. Halafu pima kama diski iko sambamba na mfereji wa meza, ule mchirizi ulionyooka ulio juu yake. Weka alama ya penseli kwenye jino moja. Lilete mbele, pima toka ukingo wa mfereji hadi kwenye jino. Zungusha diski jino hilohilo lije nyuma, pima tena. Tumia jino lilelile, kwa sababu diski yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unaipima diski badala ya meza. Tofauti ikizidi nusu milimita panahitajika marekebisho, na misumeno mingi inayo bolti za kurekebishia. Kufunga macho hapa ni hatari: diski inayobana mbao kwa nyuma huirusha kwa nguvu kumwelekea anayeisukuma. Kwa sababu hiyohiyo, kile kisu chembamba kinachokaa nyuma ya diski kuzuia mbao isifumbe lazima kiwepo au kiwe kinauzwa. Kisipopatikana, usinunue, hata meza iwe nzuri namna gani.

Randa ya umeme: rula ipite juu ya bamba la nyuma na visu, ambavyo vinapaswa kulingana. Bamba la mbele likishushwa hadi sifuri lilingane nayo pia. Fungua kifuniko cha mkanda, utazame kama meno ya mkanda yana nyufa. Upana wa visu uliozoeleka ni milimita 82, na vya kipimo hicho hupatikana kirahisi.

Ruta, mashine ya kuchonga mifereji na kingo za mbao, ina sehemu moja ya kuogopwa, nayo ni ile koleti inayobana biti. Itoe, itazame ndani. Iwe safi, isiyo na mikwaruzo ya mzunguko wala kutu, kwani mikwaruzo hiyo ni biti iliyowahi kuteleza ikiwa kazini. Hakikisha kipimo chake ni cha biti zako. Milimita 12 na nusu inchi, ambayo ni 12.7, hukaribiana sana kwa macho, na vivyo hivyo milimita 6 na robo inchi, 6.35. Biti ndogo kwenye koleti kubwa itaonekana imeshika, kisha itachomoka ikizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika.

Jigso: shika wembe wake na uusukume pembeni. Kuyumba sana ni kuchakaa kwa fimbo inayopanda na kushuka, na mkato wake hautakuwa wima. Mashine ya msasa: kuchakaa kwa sahani ya chini si kasoro kubwa, hubadilishwa, ila sikiliza beringi.

Drili: funga keekee ndefu iliyonyooka, iwashe polepole, tazama ncha. Ikichora duara, ama taya ama shafti imepinda. Ifunge bila keekee uone taya zote tatu zinakutana.

Za betri zina hesabu yake. Mwili unaweza kuwa mzima na betri zikawa zimekufa, na betri mbili mpya pamoja na chaja mara nyingi huzidi bei ya mwili. Taa za betri zikionyesha imejaa, usizitegemee. Toboa mashimo makubwa mfululizo kwenye mbao ngumu uone kama nguvu inadondoka ghafla. Iliyovimba au yenye ganda lililopasuka usiichaji. Usichanganywe na maandishi ya volti 18 na 20: betri ya lithiamu ya seli tano ni ileile, wengine huandika volti za kawaida na wengine za kilele. Cha kuangalia ni kama betri za umbo lile bado zinatengenezwa. Mashine za zamani za nikeli-kadimiamu zichukue tu ukijua utapata wapi betri zake.

Kupatana bei na siku ya kwanza karakanani

Jumlisha gharama za kasoro zote za fungu la kwanza kwa bei halisi ya vipuri, uzitoe mbele ya muuzaji, moja baada ya nyingine. Omba apunguze kiasi hicho. Omba pia vifaa vyake: funguo, mwongozo wa kupasulia (kile kipande kinachoongoza mbao inapopasuliwa), koleti ya pili, sanduku, risiti kama ipo. Mwongozo wa kupasulia wa modeli ya zamani unaweza kuwa mgumu kupatikana kuliko mota.

Ukifika nayo, usiianzie kazi. Puliza vumbi kwenye matundu ya hewa, weka kaboni mpya kwa jozi, kamwe usibadilishe moja, na iache izunguke bila mzigo dakika kadhaa ili kaboni zijichonge kufuata mviringo wa komuteta. Cheche zitakuwa nyingi mwanzoni, kisha zitatulia. Safisha grisi ya zamani kwenye gia, weka mpya. Weka diski mpya, kisha kwa skwea rekebisha diski na bamba viwe nyuzi 90, na ukate kipande cha majaribio kabla ya kugusa mbao ya mteja.